Gurudumu Linacheza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Habu za Baiskeli

Masika yakiisha, barua za baiskeli huongezeka, na safari hii nyingi zinalalamikia jambo moja: gurudumu limelegea pale katikati, kwenye habu. Kabla ya majibu tuelewane majina. Ekseli ni ule ufito wa chuma unaopita katikati ya habu. Kila upande wa habu una bakuli dogo la chuma, ndani ya bakuli mna gololi, na juu ya gololi hukaa koni iliyosokotwa kwenye ekseli. Nje ya koni kuna washa, kisha nati nyembamba ambayo hapa tutaiita nati ya ndani. Ile nati kubwa inayoshika fremu au foku (ile miguu miwili inayobeba gurudumu la mbele) ni nati ya nje.

Nimekaza mara tatu, bado linacheza

*Shikamooni mafundi. Nauza maji kwa baiskeli, Phoenix, madumu manne ya lita 20 kila safari. Tairi la nyuma linacheza kushoto na kulia. Likikazwa linatulia nusu siku, halafu linarudia. Fundi wa mtaani kwetu amekaza mara tatu na mara zote nimelipa. Ninunue habu mpya?* Msomaji, Kahama

Marahaba. Usinunue habu kwanza. Kinachokazwa kila mara ni nati ya nje, na kazi ya nati ya nje ni kushika gurudumu kwenye fremu tu. Kinachoamua gurudumu licheze au litulie ni koni. Koni ikikaa mbali na gololi, linabaki pengo, na gurudumu zima linayumba ndani ya pengo hilo. Mlinzi wa koni ni nati ya ndani: hizo mbili zikibanana barabara, koni haisogei. Zisipobanana, koni hujisokota kidogokidogo kadiri gurudumu linavyozunguka. Unapokaza nati ya nje, mdomo wa fremu (pale ekseli inapokaa) unaisukuma nati ya ndani ikaegemea koni, ndiyo maana unaona mambo yametengemaa. Lakini ni kuegemea tu, si kubanana. Kwa kilo 80 za maji nyuma, mashimo machache ya njia yanatosha kuirudisha koni ilikokuwa. Na kila mara nati ya nje inapokazwa kupita kiasi, meno ya ekseli yanaliwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni habu kweli. Pindua baiskeli, shika fremu kwa mkono mmoja karibu na ringi, kwa mkono wa pili sukuma ringi kushoto na kulia. Zungusha gurudumu robo duara, rudia. Likicheza sawasawa kila mahali, ni habu. Likigusa breki sehemu moja tu ya mzunguko, ringi imepinda au spoki zimelegea, na hapo kugusa koni ni kuongeza tatizo la pili. Usiitikise friwili (lile duara la meno linalovutwa na cheni) ukadhani ndiyo habu: friwili hucheza kidogo hata ikiwa mpya kutoka dukani.

Sasa kazi. Unahitaji spana ya nati ya nje, spana ya nati ya ndani, na spana bapa ya koni. Spana ya kawaida ni nene mno, kwa kuwa sehemu ya koni inayoshikwa ina upana wa milimita 2 hivi. Koni za nyuma mara nyingi ni namba 15 na za mbele namba 13, lakini baiskeli nyeusi za India na China hutofautiana, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Ukikosa spana bapa, chukua spana ya bei nafuu mpe mwenye grainda aipunguze unene hadi milimita 2, akiichovya majini kila baada ya sekunde chache. Chuma kikipata moto hadi kugeuka bluu kimeshapoteza ugumu, na spana hiyo itafunguka mdomo siku ya kwanza.

Legeza nati za nje, sogeza gurudumu mbele, toa cheni kwenye friwili, chomoa gurudumu. Panga washa, vyuma vya keria na vya madigadi kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Zungusha ekseli kwa vidole. Ikienda laini, rekebisha tu. Ukihisi mchanga au kukwama-kwama, fungua yote. Habari zake ziko kwenye barua inayofuata.

Fanya kazi upande wa kushoto, usio na friwili, lakini kwanza jaribu nati ya ndani ya upande wa kulia. Ikizunguka kwa vidole, chanzo cha ugonjwa wako kiko huko, na hakuna marekebisho ya kushoto yatakayodumu: lazima ekseli itoke nje, koni ya kulia na nati yake zikazwe vizuri, ndipo irudi. Tunaamini hili ndilo fundi wako amelikosa, kwa sababu upande wa kulia umejificha nyuma ya friwili na wengi hawaufikii.

Kulia kukiwa imara, shika koni ya kushoto kwa spana bapa, legeza nati ya ndani mzunguko mmoja. Sokota koni kwa vidole hadi iguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo, kama thumuni ya mzunguko. Ishike palepale isisogee, na ukaze nati ya ndani juu yake kwa nguvu. Jaribu. Utakuta imekaza kuliko ulivyoiacha, kwa sababu nati inapobana huisukuma koni ndani kwa kiasi cha ule ulegevu wa meno. Legeza, rudisha koni tena, kaza. Hata fundi mzoefu hurudia mara tatu au nne, kwa hiyo usikate tamaa. Ikibaki kukaza kidogo sana, kuna njia ya mkato: weka spana bapa kwenye koni zote mbili, upande huu na huu, uzizungushe zote kinyume cha saa kwa pamoja, zitajibana dhidi ya nati zao na kuachia gololi. Ikibaki kulegea kidogo sana, fanya hivyo kwenye nati mbili za ndani, lakini kwa mwelekeo wa kukaza.

Rudisha gurudumu, kaza nati za nje. Spana yenye mkono wa sentimita 15 ukiikandamiza kwa nguvu ya kilo 20 hivi unapata kama Nm 30 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na kwa nati ya nje hicho ni kiwango kizuri cha kuanzia. Kwa mizigo yako ongeza kidogo, ila usivishe bomba kwenye spana. Kisha sukuma ringi tena. Kwa mbeba mizigo, jaribio hili la kusukuma ringi lifanywe kila Jumapili. Ni nusu dakika, na ulegevu uliogunduliwa wiki ileile hautafuni kitu.

Gololi ngapi kila upande?

*Mimi ni fundi chipukizi. Nilifungua habu ya nyuma ya mteja, gololi zikamwagika mchangani. Nilizookota ni 15. Mwenzangu anasema zinatosha, mwingine anasema ziwe 20.* Msomaji, Kigoma

Wote wawili wamekosea. Habu ya nyuma ya kawaida hutumia gololi za inchi 1/4, ambayo ni milimita 6.35, tisa kila upande: jumla 18. Habu ya mbele hutumia za inchi 3/16, yaani milimita 4.76, kumi kila upande: jumla 20. Mwenzako wa pili alikuwa na habu ya mbele kichwani.

Zipo habu zisizofuata hesabu hiyo, kwa hiyo jifunze kanuni hii: panga gololi ndani ya bakuli zikigusana, mwishoni libaki pengo dogo kuliko gololi moja. Ukilazimika kuisukuma ya mwisho iingie, itoe. Zikiwa nyingi mno zinapandana, na koni inaziponda. Zikiwa chache, uzito unaangukia gololi mbili tatu, na koni inachimbika sehemu ya chini ambako mzigo unakaa muda wote.

Zile 15 ulizookota usizirudishe. Nunua zote 18 mpya, za pakiti moja. Gololi mpya iliyochanganywa na za zamani ni kubwa kidogo kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, na kwa sababu hiyo ndiyo itakayobeba mzigo wa wenzake. Kama habu ilikuja na gololi zilizofungwa kwenye kikapu cha bati, tupa kikapu, weka gololi huru: kikapu kinachukua nafasi ya gololi mbili hivi, na kikivunjika vipande vyake vinasaga kila kitu.

Ukiwa umefungua, tazama koni. Ile njia ya gololi ikiwa mstari mng'avu ulio laini, koni ni nzima. Ikiwa na vishimo kama makovu ya ndui, imekwisha. Ukiwa na mashaka, buruta ncha ya kalamu ya wino juu ya njia ile: ikikwama popote, badilisha. Koni huliwa kabla ya bakuli kwa kuwa mzunguko wake ni mdogo na mzigo hukaa upande uleule wa koni siku zote, ilhali bakuli linazunguka na gurudumu na kugawana mzigo kila sehemu. Kwa hiyo koni ni kitu cha kubadilisha bila uchungu. Aliyebakiza koni iliyochimbika na kuweka gololi mpya amezitupa gololi.

Nenda dukani na koni ya zamani pamoja na ekseli yake. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zina ekseli ya inchi 5/16 mbele na inchi 3/8 nyuma, zote zenye meno 26 kwa inchi. Baiskeli nyingi za gia zina ekseli ya milimita 9 mbele na 10 nyuma. Mtego uko hapa: inchi 3/8 ni milimita 9.5, na meno yake yanakaribiana sana na ya milimita 10. Koni au nati ya milimita 10 itaingia kwenye ekseli ya inchi 3/8 na utaona imekubali, ila unapoikaza kwa nguvu inaruka meno. Ikiingia huku inatingishika, irudishe dukani.

Kufunga: osha bakuli kwa mafuta ya taa, pangusa, liache likauke kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki huyeyusha grisi. Anza na ekseli ikiwa nje: sokota koni ya kulia, washa na nati ya ndani, vibane kwenye jiliwa hadi vishikane. Washa yenye ulimi ni lazima ulimi uingie kwenye mfereji wa ekseli; kazi yake ni kuzuia koni isizunguke unapokaza nati, na ukiiacha utarekebisha hadi jioni. Weka grisi, kijiko cha chai kila upande kinatosha, pachika gololi kwenye grisi zishike kama mbegu kwenye udongo mbichi. Ingiza ekseli kutoka kulia, ishike isirudi nyuma, pindua gurudumu, panga gololi za kushoto, sokota koni ya kushoto. Kazi hii ifanyike juu ya sinia au kipande cha turubai, wala hutapoteza gololi tena.

Ni habu au ni shingo?

*Hamjambo mafundi. Nabeba abiria kwa baiskeli ya Black Mamba hapa Kisumu. Nikishika breki ya mbele nasikia "tak" mikononi. Jamaa wa spea ananiuzia habu.* Msomaji, Kisumu

Hatujambo. Usilipe bado. Simama kando ya baiskeli, shika breki ya mbele, weka vidole pale fremu inapokutana na foku chini ya usukani, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mtikisiko kwenye vidole, gololi za shingo zimelegea na habu haina kosa. Baada ya hapo achia breki, shika mguu mmoja wa foku, sukuma ringi pembeni. Ikicheza, ni habu. Visipocheza vyote viwili, angalia mpira wa breki kwenye kiatu chake na boliti zinazoshika vyuma vya breki: mlio wa "tak" mara nyingi hutoka hapo, na dawa yake ni spana tu.

Nikikaza gumu, nikilegeza linacheza

*Gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya zamani, Raleigh aliyoniachia marehemu baba, linanisumbua. Halina hizo nati za ndani mnazozisema. Nikikaza nati ya nje linakuwa gumu, nikilegeza linacheza. Juzi lilijikaza lenyewe njiani, nusura nianguke.* Msomaji, Iringa

Barua hii imetushtua, kwa hiyo tafadhali usiipande hadi umalize kusoma. Habu za mbele za Kiingereza za mtindo huo kweli hazina nati ya ndani. Koni moja imekazwa kwenye ekseli hadi mwisho wa meno, haisogei. Koni ya pili ndiyo ya kurekebisha, ina bapa la kushikia kwa spana, na kinachoifunga ni nati ya nje yenyewe pamoja na mguu wa foku.

Koni ya kurekebisha lazima ikae upande wa kushoto wa mpandaji, na sababu yake ni hii. Baiskeli ikienda mbele, ukilitazama gurudumu kutoka kulia linazunguka kama saa. Ukilitazama kutoka kushoto linazunguka kinyume. Gololi zikivuta koni, ya kulia inavutwa upande wa kukaza, ya kushoto inavutwa upande wa kulegea. Koni ya kurekebisha ikiwa kulia, inajisokota ndani, inabana gololi, gololi zinazidi kuivuta, na gurudumu linakwama ukiwa mwendoni. Dalili ulizozieleza ndizo hizo: mtu alitoa gurudumu kuziba pancha akalirudisha limegeuka. Gurudumu la mbele halina friwili ya kumwonyesha aliyekosea, na watu hukosea.

Ligeuze. Ingiza ekseli kwenye foku, kaza kwanza nati ya kulia, upande wa koni isiyosogea, hadi mwisho. Kisha, nati ya kushoto ikiwa imelegea, sokota koni ya kushoto kwa spana hadi mchezo uishe, irudishe nyuma kidogo sana, ishike hapo na ukaze nati ya kushoto. Gurudumu likiachwa, uzito wa vali ulivute hadi vali isimame chini, liyumbe mara mbili tatu ndipo litulie. Likisimama ghafla, bado limekaza. Piga alama ya rangi upande wa kushoto wa habu ili yeyote atakayelitoa alirudishe lilivyo.

Habu hizo nyingi zina tundu dogo la mafuta lililofunikwa na kibati cha duara. Kizungushe, tia matone mawili matatu ya oili safi ya injini kila mwezi. Ni habu nzuri kuliko nyingi zinazouzwa leo, itunze.

Maji ya chumvi

*Assalaam alaykum. Huku kwetu tunapita ufukweni maji yakitoka. Habu zinatoa maji mekundu na baada ya miezi michache zinalia.* Msomaji, Makunduchi

Wa alaykumu s-salaam. Maji mekundu ni kutu ya gololi na koni. Maji ya chumvi yanapenya kwenye ule upenyo kati ya koni na kifuniko cha vumbi, na yakishaingia hayatoki, maana grisi inayashikilia ndani. Grisi nyeupe au ya njano iliyogeuka kuwa kama maziwa ina maji tayari.

Kwa njia zenu tunashauri mambo matatu. Tumieni grisi ya kalisi, inayouzwa pia kwa vyombo vya baharini. Inavumilia maji kuliko grisi za kawaida. Jazeni bakuli, na mkishafunga pakeni mzunguko mwembamba wa grisi nje, kati ya koni na kifuniko. Huo utakusanya mchanga, na ndiyo kazi yake: kila Ijumaa futeni kwa kitambaa, pakeni mpya. Tatu, fungueni habu kila baada ya miezi mitatu bila kungoja ilie. Baiskeli ikitoka ufukweni imwagieni maji baridi kwa kopo, kutoka juu, na kamwe msielekeze mpira wa maji kwenye habu kutoka pembeni, kwa kuwa msukumo ule unaingiza ndani kile mlichotaka kukitoa.

Ule ukanda wa ngozi au wa nyuzi za rangi unaovalishwa habu hung'arisha mwili wa habu na unapendeza sana, ila hauzuii maji kufika kwenye gololi. Asiutegemee mtu.

Ekseli ya nyuma inakatika

*Baiskeli yangu ya gia imekata ekseli mbili mwaka huu, zote upande wa friwili. Nabeba mkaa gunia moja. Kila inapokaribia kukatika gurudumu huanza kucheza.* Msomaji, Tabora

Ekseli haikatiki ghafla. Inapinda kwanza, koni zinakaa mshazari, gololi zinabana upande mmoja na kulegea upande wa pili, ndiyo maana unaona gurudumu linacheza. Ukirekebisha koni kwenye ekseli iliyopinda utapata mahali pa laini na mahali pa kukaza katika mzunguko mmoja. Hiyo ni dalili tosha. Itoe, izungushe juu ya kioo: ikiruka-ruka, imepinda. Usiinyooshe kwa nyundo, kwa kuwa chuma kilichopinda na kunyooshwa kimeshachoka.

Kwa nini upande wa friwili? Kwenye habu ya friwili ya gia nyingi, gololi za kulia ziko ndani, nyuma ya friwili. Kutoka kwenye gololi hizo hadi mdomo wa fremu ekseli inakaa peke yake zaidi ya sentimita 3 bila kushikiliwa, na hapo ndipo gunia linapoelemea. Shimano walitoa mwaka 1978 habu ya aina nyingine, ambayo mwili wa friwili ni sehemu ya habu na gololi za kulia zimesogezwa nje, karibu na fremu. Ekseli yake hupinda kwa nadra. Baiskeli nyingi za gia za bei nafuu zinazouzwa kwetu bado ni za mtindo wa kwanza.

Kwa mkaa, ushauri wetu wa dhati ni kuachana na gia za nyuma na kufunga habu ya friwili ya gia moja, kama za baiskeli nyeusi. Ukishindwa, fanya haya: hakikisha midomo ya fremu kushoto na kulia inatazamana sawasawa, kwa kuwa ikiwa imepinda, ekseli inapindishwa na nati ya nje hata kabla ya mzigo, na gunia lisogeze mbele, uzito mkubwa uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, usining'inie nyuma ya keria.

Wenzo wa kubana

*Nikirekebisha koni gurudumu likiwa mkononi linazunguka vizuri kabisa. Nikifunga ule wenzo wa kubana kwa haraka linakuwa gumu.* Msomaji, Morogoro

Ekseli yako ina uwazi katikati, na wenzo ukifungwa huiminya ikafupika kidogo sana, kiasi cha kuleta koni karibu na gololi. Liache gurudumu mkononi likiwa na mchezo mdogo unaohisiwa kwa vidole, mchezo utakaoisha wenzo unapofungwa. Usipoisha, punguza. Ukibaki ugumu, ongeza. Ekseli isiyo na uwazi haina shida hii.

Oili chafu badala ya grisi?

*Gereji jirani wananipa oili iliyotoka kwenye gari bure. Inafaa kwa habu?* Msomaji, Singida

Haifai. Ina chembe za chuma na masizi, na inatiririka nje ndani ya siku chache, ikibeba vumbi inaporudi kwenye bakuli. Kopo dogo la grisi ya beringi za magari linatosha habu nyingi.

Beringi za kufungwa

*Habu yangu haina koni wala gololi huru, ina beringi mbili za kufungwa. Nayo imeanza kucheza. Nikaze wapi?* Msomaji, Nairobi

Hakuna pa kukaza, isipokuwa ukikuta vifuniko vya mwisho vya ekseli vimelegea. Kama ni vizima, beringi zimekwisha, nunua mpya. Namba imeandikwa kwenye uso wake, mfano 6000 au 6001, na herufi 2RS zinamaanisha zimezibwa kwa mpira pande zote mbili: chukua hizo. Kuingiza, piga au bana duara la nje tu, kwa soketi yenye upana uleule. Ukigonga duara la ndani, nguvu inapita kwenye gololi na beringi mpya inaharibika kabla haijatembea.

Kipande cha kopo la soda

*Bakuli la habu ya nyuma linazunguka ndani ya habu. Fundi alikata bati la kopo la soda akalizungushia, likashika. Limedumu wiki tatu, limeanza tena. Aweke mara mbili?* Msomaji, Bukoba

Asiweke. Bakuli linatakiwa kuingia kwa kugongwa, likashikwa na habu yenyewe. Likishazunguka limekwisha kupanua nyumba yake, na bati laini la kopo linasagika hadi unga unaoingia kwenye grisi. Kwa dharura ya kufika nyumbani, sawa. Kwa baiskeli ya kazi, ni wakati wa habu mpya, na bila shaka bakuli lililegea kwa sababu habu iliachwa ikicheza muda mrefu.

Kabla hujanunua, hesabu spoki. Baiskeli nyeusi nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma, za gia nyingi zina 36, na habu yenye matundu tofauti na ringi yako haina msaada. Pima upana kati ya midomo ya fremu, na kipenyo cha mzunguko wa matundu ya spoki kwenye habu ya zamani: kikitofautiana, spoki zako zitakuwa ndefu au fupi. Friwili unaweza kuihamisha, itoe habu ikiwa bado imeshikwa na spoki na ringi, kwa kuwa ukishakata spoki huna pa kushikia. Paka grisi kwenye meno ya habu mpya kabla ya kuisokota. Na ile habu mpya ifungue ukiwa bado benchini: nyingi hutoka kiwandani na grisi kidogo mno na koni zilizokazwa kupita kiasi.